Chupa inayoshuka na kuwasha taa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kichezeo cha kufundishia nishati

Ukurasa huu ni wa walimu, mafundi na wazazi wa Kigoma Mjini, Ujiji, Uvinza, Kasulu na kwingineko wanaotaka kutengeneza kichezeo kimoja chenye kazi moja: kuonyesha nishati ikigeuka kutoka umbo moja kwenda jingine. Chupa ya maji inaning'inia kwenye uzi uliozungushwa kwenye shafti ya mota yenye gia. Mtoto anazungusha gurudumu, chupa inapanda. Akiachia, chupa inashuka taratibu, mota inazalisha umeme na taa za LED zinawaka. Hakuna betri.

Kwani gari la betri halionyeshi jambo hilohilo?

Linaonyesha, ila linaficha mwanzo. Mtoto anabonyeza swichi, gari linakwenda. Ukimuuliza nguvu imetoka wapi atakujibu "kwenye betri", na mazungumzo yameishia hapo. Kwenye kichezeo hiki mkono wake ndio unaopandisha chupa na uzito anausikia. Anaweza kufuata mnyororo mzima kwa kidole: ugali alioula, misuli, chupa iliyoinuliwa (nishati tuli), gia zinazozunguka (nishati mwendo), umeme kwenye waya, kisha mwanga, pamoja na joto na kelele zinazopotelea njiani.

Tuna kigezo kimoja cha kupimia muundo wowote wa namna hii. Ukiongeza taa, lazima kuwe na kitu kinachopungua mbele ya macho ya mtoto. Hapa kinachopungua ni kasi ya chupa. Kichezeo ambacho taa zake zinaongezeka bila kudai chochote kinafundisha kinyume cha ukweli, hata kama kinapendeza.

Nahitaji vifaa gani?

- Mota 1 ya njano yenye gia za plastiki, ile ya magari ya kujifunzia roboti, uwiano wa gia 1:48, volti 3 hadi 6. Chagua yenye shafti inayotokeza pande zote mbili.
- LED nyekundu 5 na ya kijani 1, za milimita 5.
- Rezista 6 za omu 150, robo wati.
- Konekta ya plastiki ya mafundi umeme, ile ya skrubu, matundu 12.
- Kile kipande cha plastiki kinachobaki uzi wa cherehani ukiisha, chenye kiini cha sentimita 1.2 hivi. Hiki ndicho kitaviringa uzi; hapa chini tunakiita "kipande cha uzi".
- Uzi wa kushonea nyavu, mita 2. Mshipi wa kuvulia haufai sana kwa sababu unanyumbuka na mafundo yake hufunguka.
- Chupa ya plastiki ya lita 1 yenye kifuniko.
- Kifuniko cha kopo chenye upana wa sentimita 8 hivi, kiwe gurudumu la kuzungushia.
- Ubao wa sentimita 30 kwa 12, unene wa sentimita 2, na kipande kidogo cha ubao cha kusimamisha upande wa pili wa shafti.
- Waya mwembamba mita 1, skrubu ndefu 2 za kupita kwenye matundu ya mota, skrubu 1 ya katikati ya kipande cha uzi, msumari 1, na klampu ya kubania ubao kwenye meza.

Masalia ya mninga kwa seremala yanafaa kwa ubao kwa sababu ni mazito na hayapasuki ovyo ukiyafunga skrubu, mradi utoboe kwanza. Ubao mwepesi utalazimika kuubana zaidi.

Kwa nini mota yenye gia, na si mota yoyote ndogo?

Kwa sababu ya kasi. Mota ikizungushwa kwa nguvu ya nje inakuwa jenereta, lakini volti inazotoa zinafuata kasi ya mzunguko. LED nyekundu haiwaki mpaka ipate volti 1.8 hadi 2.2, nyeupe na ya bluu zinataka zaidi ya 3. Zile mota ndogo za magari ya watoto zinataka mizunguko elfu kadhaa kwa dakika kufika huko, na chupa haiwezi kuzungusha shafti kwa kasi hiyo ila kama inadondoka. Gia za 1:48 zinaifanya mota izunguke mara 48 kila shafti ya nje inapozunguka mara moja. Kwa mizunguko 110 hadi 120 kwa dakika ya shafti ya nje unapata volti 3 hivi, na chupa inashuka kwa sentimita 7 tu kwa sekunde.

Mota hiyo sijaipata hapa mjini. Nitumie nini?

Mafundi wengi huagiza Kariakoo na mzigo unakuja kwa basi. Ukitaka kutumia kilichopo, pita kwa mafundi redio wa eneo la Mwanga, hapa Kigoma, na uulize mota za printa zilizokufa. Hizo ndizo bora kuliko nyingine zote za kuokota, kwa kuwa zinatoa volti nyingi kwa kasi ndogo.

Mota ya kutoa sahani ya DVD inafaa pia lakini inataka mkanda: gurudumu la sentimita 12 kwenye shafti ya uzi, kigurudumu cha sentimita 1 kwenye mota, na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli kuwa mkanda. Mkanda ukilegea utateleza, ukikaza mno unakula nguvu yote kwenye msuguano. Kaza kiasi kwamba ukiubonyeza katikati unaingia nusu sentimita.

Jihadhari na mota ya redio ya kaseti. Nyingi zina saketi ndogo ndani ya kopo lake ya kudhibiti kasi, na saketi hiyo inavuruga umeme unaotoka. Watu wanaizungusha, taa haiwaki, wanasema mota imekufa. Ifungue, toa hiyo saketi, unganisha waya moja kwa moja kwenye brashi (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka). Kama huwezi, achana nayo.

Namna ya kupima mota sokoni bila mita: chukua LED nyekundu, gusisha miguu yake kwenye ncha za mota, sokota shafti kwa vidole, kisha geuza LED usokote tena. Ikimetameta upande mmojawapo, nunua.

Inajengwaje, hatua kwa hatua?

1. Lehemu waya kwenye vile vibati viwili vya shaba vya mota *kabla* ya kuifunga kwenye ubao. Vibati hivyo ni vyembamba kama karatasi na hukatika vikipindwa mara mbili tatu. Waya ukishashika, ufunge kwenye mwili wa mota kwa uzi ili ukivutwa usivute kibati.
2. Funga mota pembezoni mwa ubao kwa skrubu mbili, shafti ikae sambamba na ukingo wa meza. Usikaze skrubu mpaka mwili wa plastiki ukapinda. Gia zitabanana ndani.
3. Shafti ina upana wa milimita 5.4 hivi na imekatwa bapa pande mbili. Jaza tundu la kipande cha uzi kwa gundi ya epoksi, kiingize kwenye shafti karibu kabisa na mota, tia skrubu katikati ya tundu upande wa nje ncha yake ikitokeza, kiache kikauke usiku mzima. Gundi ya haraka peke yake huachia.
4. Upande wa nje wa kipande hicho pigilia ubao mdogo wenye tundu, ncha ya skrubu iliyo katikati ya kipande ipite humo na kuzunguka. Bila egemeo hili uzito wote wa chupa unapinda shafti ya plastiki na gia za ndani zinasagana.
5. Kwenye ncha ya pili ya shafti funga kifuniko cha kopo. Toboa tundu la kidole karibu na ukingo. Usitumie mkono mrefu wa waya: chupa ikishuka huo mkono unazunguka na kupiga vidole.
6. Toboa tundu dogo kwenye kiini cha kipande cha uzi, pitisha uzi, piga fundo. Ukifunga kwa kuzungusha tu, uzi utateleza.
7. Toboa tundu la msumari kwenye kifuniko cha kopo na kwenye ubao. Msumari ukipita kote, chupa inakaa juu bila kushikwa.
8. Unganisha taa kwenye konekta. Kila LED na rezista yake. Zile tano nyekundu zielekee upande mmoja, ya kijani ielekee upande wa pili.

Bana ubao kwenye meza au dirisha ili chupa ipate angalau mita 1 ya kushuka. Urefu wa mita 1.5 ni mzuri zaidi.

Kwa nini ya kijani igeuzwe?

Mtoto akipandisha chupa, mota inazunguka upande mmoja na umeme unakwenda upande huo. Chupa ikishuka, mzunguko unageuka na umeme nao unageuka. LED inapitisha umeme upande mmoja tu. Hivyo kijani inawaka wakati wa kupandisha, nyekundu wakati wa kushuka, na mtoto anaona kwamba hata wakati anazungusha, sehemu ya nguvu yake tayari imegeuka kuwa umeme. Kuna faida nyingine ya kifundi. LED nyingi hazitakiwi kupewa zaidi ya volti 5 kinyumenyume, na zikipangwa hivi, zinazowaka huzuia volti isipande sana kwa zilizolala.

Ikiwa rangi zimekuja kinyume, badilisha waya mbili za mota pale kwenye konekta. Usifungue LED zote sita.

Rezista ni lazima? Taa inawaka bila hiyo.

Inawaka, mpaka siku mtoto mwenye mkono mwepesi atakapozungusha gurudumu kama anasaga mahindi. Volti zinaweza kupita 6, na LED isiyo na rezista itapitisha umeme mwingi kuliko milliampia 20 inazostahili. Haipasuki kwa kishindo; inafifia tu, kisha inakufa. Kwa omu 150 na volti 3.5, kila LED nyekundu inapata milliampia 10, ambazo zinatosha kuonekana hata darasani mchana.

Rezista moja kwa LED zote tano ni akiba ya bure. LED hazilingani sawasawa, na ile inayowaka kwa volti ndogo kidogo itavuta umeme mwingi kuliko wenzake.

Chupa iwe na uzito gani?

Anza na mililita 400 za maji. Mililita 1 ya maji ni gramu 1, kwa hiyo kikombe cha vipimo kinatosha, hakuna haja ya mizani. Ongeza mililita 50 kila mara mpaka chupa ianze kushuka yenyewe, au kwa kusukumwa kidogo tu, taa zote tano zikiwa zimeunganishwa. Kwa mota nyingi za aina hii itakuwa kati ya gramu 500 na 800. Usipite kilo 1. Meno ya gia ni ya plastiki, na ukisikia "ka-ka-ka" ndani ya mota ujue meno yanaruka. Mota hiyo haitengenezeki.

Mchanga wa ufukweni unaweza kutumika ukiwa na chupa ndogo, kwa kuwa lita moja ya mchanga mkavu inakaribia kilo 1.6. Lakini hapo utahitaji mizani, na chupa ikipasuka mchanga utaingia kwenye gia.

Taa haziwaki kabisa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mota. Ondoa waya zake kwenye konekta, gusisha LED moja, zungusha gurudumu kwa mkono huku na huku. Ikiwaka, mota ni nzima na tatizo liko kwenye konekta au mwelekeo wa LED. Mguu mrefu ndio chanya. Kama miguu ilishakatwa, tazama ukingo wa kichwa cha LED, upande uliokatwa bapa ni hasi. Isipowaka, tikisa vibati vya shaba taratibu. Mara nyingi kimoja kimekatika chini ya risasi ya kulehemu na kinaonekana kama kimeshika.

Taa zinawaka ukizungusha kwa mkono lakini haziwaki chupa inaposhuka? Basi chupa inashuka polepole mno. Ama uzito hautoshi, ama umeweka LED nyeupe badala ya nyekundu, ama kiini cha uzi ni kinene. Kiini kikinenepa mara mbili, kwa mwendo uleule wa chupa shafti inazunguka nusu ya mizunguko, na volti nazo zinakuwa nusu.

Taa zinawaka mwanzo kisha zinafifia katikati ya safari? Tazama uzi. Umejipanda juu ya uzi mwingine na sasa unaviringa kwenye kipenyo kikubwa. Pandisha chupa upya huku ukiuongoza kwa kidole.

Zikipepesa, wala usihangaike sana: gurudumu lina upande mzito, au brashi za mota ni chafu. Izungushe kwa dakika moja bila mzigo.

Nitaonyeshaje kwamba taa "zinakula" nguvu ya chupa?

Hili ndilo somo lenyewe, na linastahili kupewa muda kuliko kujenga. Fanya mashindano matatu kwa chupa ileile na urefu uleule, mtoto mmoja akiwa na saa ya simu.

Kwanza, chomoa taa zote. Chupa inashuka haraka. Pili, unganisha nyekundu moja, kisha mbili, mpaka tano. Kila mara pima sekunde. Chupa inachelewa zaidi kila taa inapoongezwa. Kabla ya jaribio la tatu, waulize watoto: tukiondoa taa zote na kugusanisha waya mbili za mota zenyewe kwa zenyewe, itakuwaje? Wengi watasema itadondoka, maana hakuna taa. Gusanisha. Chupa inatambaa.

Sababu ni kwamba umeme unaozunguka kwenye koili za mota (waya uliozungushwa ndani yake) unajenga usumaku unaopinga mzunguko uliouzaa. Heinrich Lenz alieleza kanuni hiyo mwaka 1834, miaka mitatu baada ya Michael Faraday kuonyesha kwamba sumaku inayosogea karibu na koili inazalisha umeme. Waya zikigusana, umeme unakuwa mwingi na upinzani unakuwa mkubwa. Nguvu ya chupa yote inaishia kuwa joto ndani ya mota na msuguano kwenye gia. Hakuna hatari, volti ni ndogo. Usilijaribu hili kwa betri ya pikipiki au sola: hapo waya zitaungua.

Usieleze kabla ya watoto kukisia. Jibu likitangulia, jaribio la tatu linakuwa mapambo.

Hesabu yake ikoje?

Kwa wanafunzi wa sekondari ichukue kwa mfano huu, kisha waweke vipimo vyao wenyewe. Tuseme chupa ni gramu 700, kimo mita 1:

0.7 × 9.8 × 1 = jouli 6.86

Hiyo ndiyo nishati tuli iliyowekwa juu. Tuseme multimita (kipimio cha umeme) inasoma volti 3.5 kwenye mota, LED tano zinapitisha jumla ya milliampia 50, na safari imechukua sekunde 12:

3.5 × 0.05 × 12 = jouli 2.1

Ufanisi ni 2.1 gawanya kwa 6.86, karibu asilimia 31. Lakini si zote zilizofika kwenye taa. LED zinachukua volti 2 hivi kati ya hizo 3.5, yaani jouli 1.2, zilizobaki 0.9 ni joto la rezista. Jouli 4.76 zimeishia kwenye msuguano wa gia, koili na kelele.

Watakuuliza kwa nini hawasikii joto wakigusa mota. Jouli 4.2 zinapasha gramu 1 ya maji nyuzi 1 tu ya Selsiasi. Zikisambaa kwenye mota nzima haziwezi kusikika kwa kidole.

Kuna swali zuri la ziada. Chupa ikiachiwa idondoke bila mota, inafika chini baada ya sekunde 0.45 kwa mwendo wa mita 4.4 kwa sekunde. Ikishuka na mota, inafika kwa sentimita 8 au 9 kwa sekunde. Nishati mwendo iliyokosekana imekwenda wapi? Mwanafunzi anayejibu hilo vizuri ameelewa.

Kinaweza kuchaji simu?

Kwa nadharia. Betri ya milliampia-saa 4,000 yenye volti 3.8 inabeba jouli 54,720. Kwa jouli 2.1 kila safari, chupa itashuka zaidi ya mara 26,000. Kwa sekunde 12 kila moja, ni siku tatu na nusu usiku na mchana, na muda wa kupandisha bado hujahesabiwa. Wape watoto hesabu hii. Inawafundisha thamani ya chaji ya simu kuliko hotuba yoyote.

Je, mota moja ikizungusha nyingine, haziwezi kuendeshana bila kukoma?

Swali hili huulizwa na watu wazima kuliko watoto. Chukua mota mbili, unganisha waya zake. Zungusha moja kwa mkono, ya pili itazunguka: mwendo umekuwa umeme, umeme umekuwa mwendo. Sasa kama kila moja inapitisha asilimia 31, zote mbili pamoja zinapitisha chini ya asilimia 10. Ukiachia mkono zinasimama papo hapo. Hata zingekuwa za asilimia 90, mzunguko wa kwanza ungerudisha asilimia 81, wa pili kama 66, na hivyo mpaka kusimama.

Naweza kuhifadhi umeme wake?

Ndiyo, kwa kapasita kubwa ya farad 1, volti 5.5. Ikijazwa mpaka volti 2.5 inashika jouli 3.1 hivi. Weka dayodi ya 1N5819 (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kati yake na mota, la sivyo kapasita itarudisha umeme na kuizungusha mota. Kapasita za kawaida za redio za maikrofaradi 1,000 zinashika jouli 0.0125 tu kwa volti 5: taa inamulika mara moja na kwisha. Angalia mguu hasi wenye mstari. Kapasita iliyogeuzwa inavimba na inaweza kupasuka.

Dinamo ya baiskeli haifai?

Inafaa kwa wanafunzi wakubwa. Dinamo ya kawaida ni volti 6, wati 3, na inataka chupa nzito au mguu wa mtu. Inatoa umeme unaogeukageuka, kwa hiyo kijani na nyekundu zitawaka zote pamoja. Ukitikisa LED haraka gizani utaona zinapokezana.

Kichezeo hiki kinahusianaje na umeme tunaoutumia Kigoma?

Moja kwa moja. Kwa miaka mingi mkoa huu ulitegemea jenereta za dizeli za TANESCO. Mnyororo wake ni: nishati ya kikemia kwenye mafuta, joto kwenye injini, mwendo wa shafti, umeme. Ule wa maji ni wa chupa yetu: kitu kizito kilicho juu kinashuka na kuzungusha shafti. Mradi wa Malagarasi kwenye maporomoko ya Igamba umesanifiwa kwa megawati 49.5, bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji ni megawati 2,115. Mita moja ya ujazo ya maji ikishuka mita 10 ina jouli 98,000, yaani zaidi ya safari 14,000 za chupa yetu.

Tofauti moja iseme wazi darasani: chupa inapandishwa na mkono, maji ya mto yanapandishwa na jua, kwa kuyafanya mvuke na mawingu.

Na boti ndogo ya mvuke ya mshumaa?

Ni kichezeo kizuri cha joto kuwa mwendo, na kwa watoto wa ziwani kina mfano wa karibu: MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilianza kwa injini ya mvuke kabla ya kuwekewa dizeli miaka ya 1970. Lakini ni kichezeo cha moto. Kamwe usitumie kopo lililozibwa; mirija lazima iwe wazi kwenye maji. Mtu mzima awepo muda wote.

Darasa langu lina watoto zaidi ya 80 na kichezeo kimoja.

Kibane juu ya meza iliyopandishwa juu ya dawati, zima taa au funga madirisha, na ugawe kazi: wapima muda, wasoma mita, wapandisha chupa, waandishi ubaoni. Wengine wote wanaandika makisio yao *kabla* ya kila safari. Ukipata mota mbili tatu za ziada, zisizo na ubao wala chupa, zipitishe kwenye madawati pamoja na LED ili kila mmoja asokote kwa vidole vyake. Kusokota huko kunabaki mkononi kuliko kutazama.

Ni cha umri gani, na hatari ziko wapi?

Miaka 8 na kuendelea wakiwa na mkubwa. Kujenga, kuanzia 12. LED na skrubu ziwe mbali na watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni. Weka kipande cha soli ya ndala mahali chupa inapofikia, na pasiwe na mguu wa mtu chini yake. Risasi ya kulehemu ina madini ya sumu: nawa kabla ya kula. Na mwiko mmoja usio na mjadala: kichezeo hiki kisiunganishwe na soketi ya ukutani, hata kwa "kujaribu tu".

Kitadumu muda gani?

Kinachokufa kwanza ni brashi za mota na meno ya gia, hivyo nunua mota mbili tangu mwanzo. Vumbi la kiangazi likiingia, fungua kifuniko cha gia (skrubu mbili), futa kwa brashi ya mswaki, weka tone dogo la mafuta ya cherehani kwenye vipini vya gia. Mawese usiweke: yanaganda asubuhi ya baridi na kunasa vumbi. Usihifadhi chupa ikiwa juu na msumari umepita, kwa sababu uzito wa siku nyingi unapinda shafti. Ishushe, mwaga maji, funga uzi.